Maji Niliyonyimwa Tura

Nimechoka kusimulia kwa vipande. Mama Shani amesikia habari ya kutapika, jirani wa duka la feni amesikia habari ya radi, na muuza kahawa wetu anaeneza mtaa mzima kwamba nilibeba viazi stesheni kwa sababu niliishiwa nauli. Basi naandika yote mara moja, msome kwa zamu, halafu mniache niuze vipuri vyangu kwa amani.

Dar hadi Dodoma, mzigo pajani

Mdogo wangu Tausi ni nesi wa zahanati huko Lusu, wilaya ya Nzega, alikoolewa. Mvua za mwisho zilipokuwa zinaaga, radi ilipiga nyumba ya pampu ya sola na kuua kontrola, kile kisanduku kinachoiongoza pampu. Tangu siku hiyo mjamzito anayekwenda kujifungua huja na ndoo yake ya maji kichwani, na mengine yana rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu yamechotwa kwenye lambo la ng'ombe. Tausi alinipigia akaniambia, "Dada, nanawa mikono kwa maji ambayo wewe ungeona haya kumwagia maua."

Dukani kwangu ilikuwa imebaki kontrola moja tu. Mnajua sababu, maana nimewaeleza mpaka mate yakanikauka. Akili ya kontrola hizi ni chipu moja ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ya aina hii ninayouza mimi hutengenezwa Taiwan peke yake. Wakubwa wa dunia wanakikodolea macho kisiwa kile. Kila wanapotunishiana misuli, viwanda vya magari na simu hununua akiba kwa woga, na sisi wa pampu za vijijini tunasukumwa mkiani mwa foleni. Muagizaji wangu aliniambia nisitegemee nyingine mpaka naye atakapoambiwa, na hajaambiwa.

Siwalaumu wanaozitengeneza. Nimewahi kuiangalia chipu ile kwa lenzi, nikaona vijia vyake vinavyopishana bila kugongana, nikavua miwani na kusema subhanallah. Watu wamechukua mchanga, wakaufundisha kupima jua na kuamuru maji yapande. Kinachonikera ni dunia nzima kutundika chungu chake kwenye kamba moja.

Mmenicheka kwa kupanda treni ya zamani wakati basi linafika Nzega moja kwa moja. Basi hunitapisha, mnajua, na mzigo nisingeuweka kwenye buti upondwe na magunia. Nikaupakata. Nilikwenda nao chooni, nikalala nao, nikala nao wali wa behewa la chakula. Mpaka tunafika Dodoma, abiria wenzangu walikuwa wameshaamua kwamba nimebeba uganga. Mama mmoja akahama kiti. Mwingine akaniomba kwa adabu nimpunguzie kidogo, mwanawe hapati mchumba.

Aliyenisaidia ni Mwalimu Kulwa, mtu wa makamo anayefundisha Tabora mjini. Aliniuliza waziwazi nimebeba nini, nikamwambia, naye akawatangazia wenzetu kwamba ni kifaa cha pampu. Yule mama wa kwanza akarudi kitini pake na kunipa zabibu. Yule wa mchumba alinuna mpaka Itigi.

Tura

Tura treni ilisimama mchana wa jua kali, na haikuondoka. Injini ilikuwa na ugonjwa wake. Mhudumu alipita akisema "muda si mrefu", akapita tena akisema hivyohivyo, na mara ya tatu akapita bila kusema kitu. Tukashuka.

Stesheni ya Tura ina watu wanaojua kuuza. Kulikuwa na kuku wa kuchemsha, karanga, asali kwenye chupa, na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kukaushwa juani. Nilinunua matobolwa kwa mama mmoja mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliopotea. Jina lake ni Nyamizi. Ni matamu, lakini yanafyonza mate yote kinywani, na chupa yangu ya maji ilikuwa imekwisha.

"Dada, naomba maji ya kunywa," nikamwambia.

"Wewe kwenu wapi?"

"Kisarawe. Mzaramo."

Afadhali ningesema natoka mbinguni. "Mtani!" akapiga kelele. "Jamani njooni, treni imetuletea Mzaramo! Eti anaomba maji! Mzaramo akipewa maji leo, kesho ataomba na kisima!"

Watu wakacheka, nami nikacheka, koo limekauka. Utani wetu na Wanyamwezi hauhitaji maelezo. Babu zao walipita kwetu na meno ya tembo mabegani wakielekea pwani, babu zetu wakawalaki, wakawaibia, wakawazika, wakazoeana. Mtani anakutukana, anachukua chako, na wewe hukasiriki. Lakini kiu ni kiu. Nilijisemea kwamba hata utani una mipaka, na mwanamke huyu ni mchoyo.

Nikiwa bado nawaza hivyo, akanipokonya mzigo.

"Umekwenda! Ukiutaka, ukomboe. Babu zangu walibeba mizigo ya watu mpaka baharini, nyie mmekaa mnakunywa madafu. Leo zamu yenu. Kiroba kile cha viazi, kichwani, mpaka kwenye injini na kurudi!"

Basi muuza kahawa na asikie vizuri. Nilibeba viazi ili kukomboa kontrola. Nilitembea jukwaa zima, khanga ikinidondoka, shingo ikizama kifuani, na nyuma yangu akina mama wakiimba wimbo wa wapagazi na kunihimiza kwa Kinyamwezi. Fundi wa injini aliacha kazi yake akapiga makofi. Niliporudi nilikuwa nahema, na kusema kweli nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimefika bila kuangusha hata kiazi kimoja.

Nyamizi alikuwa amekaa na mzigo wangu mapajani. Alikuwa ameifungua karatasi upande mmoja, anatazama picha ya pampu iliyochorwa kwenye boksi.

"Hii ni kontrola," alisema. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo. Nampelekea mdogo wangu Lusu. Ni nesi. Zahanati haina maji."

"Lusu hawana maji?"

"Tangu mvua zikatike."

Mikono yake ilikuwa imelishika boksi kama anayeshika mtoto wa mwenzake. Wanawake wengine walisogea kulitazama, nikadhani wanasubiri mzaha mwingine. Kisha injini ikapiga honi. Nyamizi akasimama, akafunga karatasi vizuri, akanikabidhi.

"Shika, mpagazi. Ukiiangusha njiani, nitakuja kukuzika mwenyewe."

Tura hadi Tabora

Tulipoondoka nikaanza kumsema. Nilimwambia Mwalimu Kulwa kwamba nimetembea nchi hii, lakini sijawahi kunyimwa maji na mtu aliyechukua pesa yangu.

Mwalimu hakucheka. "Dada Mwajuma," akasema, "nilifundisha pale kabla sijahamia mjini. Hawana maji. Pampu yao ni ya sola kama hiyo ya Lusu, na kontrola yao imekufa. Wanachota mbali, bondeni. Nyamizi ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji. Amepiga simu mpaka Mwanza na Arusha, anaambiwa hazipo."

Nikautazama mzigo pajani.

"Kwa hiyo alijua ameshika nini."

"Alijua. Na angekaa nayo ungemfanya nini? Mtani hadaiwi. Stesheni nzima ingekuwa shahidi kwamba umechezewa tu."

Nilitazama nje. Miombo ilikuwa imekauka, na ardhi ya Tabora yote ni mchanga. Mchanga kila mahali, na hatuna hata punje moja iliyofundishwa kufikiri. Nikamwambia Mwalimu hivyo. Akasema kisa hiki si kigeni huku. Zamani biashara yote ya bara ilipita njia moja hii tuliyoifuata, na mji mmoja ndio uliokuwa fundo lake. Mtemi mmoja wa upande wa Urambo alipogombana na wafanyabiashara, akaifunga njia, na watu wa Ujiji wakakosa nguo hali shehena zimejaa Tabora.

"Wakafanyaje?"

"Wengine walisubiri. Wengine walizungukia kusini, porini. Waliofika ni wale waliokuwa na wenyeji njiani."

Nilimwomba namba ya simu ya Nyamizi. Sikujua nitamwambia nini. Nilijua tu kwamba mwanamke aliyenirudishia mzigo ule hakuwa na tone la maji nyumbani kwake, nami nimemwita mchoyo.

Tabora hadi Lusu

Habari ya basi la Nzega Mama Shani anaijua, sitairudia. Nilishika ndimu puani njia nzima na haikusaidia kitu. Nzega nilipokewa na shemeji yangu Masanja, mume wa Tausi, na pikipiki yake. Alipoona rangi ya uso wangu alinipeleka kwanza kwa mama ntilie. Nikala ugali wa muhogo na mlenda wa karanga, nikarudi kuwa mtu.

Lusu walitusubiri kwenye nyumba ya pampu. Nilisalimia kwa "mwangaluka" yangu ya kujifunza njiani, wakaicheka lafudhi, wakaitikia kwa wingi. Tausi alinikumbatia. Mikono yake ilikuwa imepasuka.

Kufunga kontrola si kazi ngumu ukiwa umeuza mia, na jua la Lusu halina ubahili. Nilipowasha, bomba lilikohoa, likatema kutu, likatema tope, kisha maji yakaja meupe, mengi, yakipiga ndoo kwa kishindo. Vigelegele vilipanda. Tausi aliingiza mikono mpaka viwiko, akaisugua polepole, akaitazama pande zote mbili. Kisha akaenda zahanati moja kwa moja kumwosha mama aliyekuwa amejifungua asubuhi.

Nilipaswa kufurahi kama wao. Nilifurahi, lakini kila ndoo iliyojaa niliiona ya Tura.

Ndipo nikakiona kisanduku cha zamani. Kilikuwa kwenye kona ya nyumba ya pampu, kimefunikwa kigae cha chungu. Nikainama, nikakiunganisha na betri kwa waya mbili, kwa mazoea tu ya dukani. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Radi ilikuwa imeunguza upande wa umeme mkubwa, lakini chipu ilikuwa hai. Nikampigia Nyamizi palepale, nikamuuliza kontrola yao inaonyesha nini. Akasema haina mlio wala taa, lakini ndani ni safi, haijaungua mahali. Yetu ilikuwa na akili bila mwili, na yao mwili bila akili.

Nikawaendea wazee waliokuwa wamekaa kivulini kwenye ukuta wa zahanati, nikapiga magoti, nikaomba kwa adabu zote nipewe kile kibovu nikipeleke Tura.

Wakatazamana. Mmoja akasema kilichopigwa na radi hakitoki hivihivi. Mwingine akasema mwenyeji akikitoa, radi itamuuliza yeye. Nikaeleza chipu, nikaeleza Taiwan, nikaeleza Tura. Walisikiliza vizuri, wakakubali kwamba ni jambo zito, na hawakutoa jibu. Masanja akanivuta pembeni: "Shemeji, hapo hutapata ruhusa. Hakuna atakayeibeba lawama ya radi."

Nilikwenda kukaa jikoni kwa Tausi, nimenuna kweli. Mama mkwe wa Tausi, aliyekuwa anachambua mboga, alinitazama kwa muda.

"Wewe si Mzaramo?"

"Ndiyo, mama."

"Mtani anaomba tangu lini?"

Ilinichukua muda kuelewa, nami najiita mjanja wa Kariakoo. Kwenye misiba ya kwetu, kazi ambayo wafiwa hawawezi kuigusa hufanywa na mtani. Ananyakua, anatukana, anaondoka na uzito wote, na hakuna aliyetoa ruhusa. Nilikuwa nimewaomba wazee wabebe jambo ambalo mimi ndiye niliyeumbwa kulibeba.

Nikatoka jikoni mbio. Nikaingia nyumba ya pampu, nikapiga kigae teke, nikakwapua kisanduku.

"Nyie Wanyamwezi mmezoea kubeba vya watu!" nikapiga kelele. "Leo Mzaramo amebeba chenu! Na radi yenu naondoka nayo, ikanitafute Kisarawe!"

Mlipuko wa kicheko uliotoka kwa wale wazee sitausahau. Wakasimama na fimbo zao, wakanitukana ukoo mzima, wakanitupia majivu mgongoni, wakanifukuza mpaka barabarani ambako Masanja alikuwa ameshawasha pikipiki. Nilipogeuka, mzee aliyesema radi itamuuliza alikuwa anafuta machozi ya kicheko, na kwa mkono mwingine ananipungia.

Nimefikiria sana jambo hili tangu nirudi. Mataifa makubwa yanakitaka kisiwa kimoja, na nadhani shida yao mojawapo ni kwamba hayana watani.

Tabora tena

Nyamizi aliituma kontrola yao kwa abiria wa treni, akaipokea Mwalimu Kulwa. Yeye akanipeleka kwa Fundi Salumu, ambaye ukoo wake umekaa Tabora tangu enzi za misafara, wakianzia na ufundi wa saa za mfukoni, kisha redio, sasa simu. Duka lake ni jembamba, lina harufu ya risasi ya kulehemu na udi.

Alivitazama visanduku vyote viwili, akachomoa miwani.

"Mama, chipu kuing'oa naweza. Kuipandikiza naweza. Lakini miguu yake ni myembamba kama unavyoiona. Mmoja ukipinda, basi, imekwisha, na mimi sina ya kukulipa."

"Duniani kote sina pengine pa kuipata," nikamwambia.

Alifunga mlango, akazima feni isipulize, akasema bismillah. Alipuliza hewa ya moto taratibu, akaizungusha, akaizungusha, mpaka ile chipu ikalegea, akainyanyua kwa kibano. Kipande kile kilikuwa kimevuka bahari kutoka kisiwa chenye meli za kivita pembeni, kimepigwa na radi ya Nzega, na sasa kilikuwa kinaning'inia mkononi mwa fundi mmoja kwenye uchochoro wa Tabora. Nikaona wanaoitengeneza na huyu anayeinusuru ni ukoo mmoja, hawajakutana tu.

Akaikalisha mahali pake kwenye kontrola ya Tura. Taa ya kijani ikawaka.

"Taa ni taa," akasema Fundi Salumu. "Maji ndiyo yatakayosema."

Tura, na kiu yangu

Safari hii nilishuka Tura kwa hiari na kuiacha treni iende. Nyamizi alinipokea bila mzaha hata mmoja, na hilo lilinitisha kuliko utani wake wote. Tulitembea mpaka kwenye pampu, kijiji kikitufuata na ndoo na madumu. Nikafunga waya. Nikawasha.

Kimya.

Nikatazama juu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya jua, wingu la kwanza nililoliona safari nzima, limekuja siku hiyo na mahali hapo. Nyamizi alisimama na mikono kiunoni, analitazama wingu lile kama mdeni wake. Watoto waliketi juu ya madumu. Nilifikiria miguu ya chipu, nikafikiria nitapanda vipi treni mbele ya watu hawa.

Wingu likasogea. Kisanduku kikalia mlio mmoja mdogo. Chini kabisa ardhini kitu kikaanza kuunguruma, bomba likatetemeka, na maji yakatoka.

Watu walikimbilia ndoo, lakini Nyamizi aliwazuia wote kwa sauti ile ya kuita ng'ombe. Akachukua kata, akaikinga, akaijaza, akanijia nayo kwa mikono miwili.

"Siku ile sikukunyima, mtani," alisema taratibu. "Nilikuwa sina."

"Najua."

"Mpagazi akifika, hupewa maji kwanza. Kunywa."

Nilikunywa. Yalikuwa ya vuguvugu na yalinuka bomba, na sijawahi kunywa maji matamu kama yale. Nyamizi akanitazama mpaka nikamaliza. Kisha akageukia watu wake, akajaza kifua.

"Jamani! Mzaramo amepewa maji! Sasa ataomba na kisima!"

Nikalia mbele yao wote, wakanicheka, nami nikaomba kata ya pili.